Mbeba Mpira Anayejua Kuanguka

Kabla ya kuvuta maziwa ya mkulima yeyote kuyaingiza kwenye lori lake, Corinne Delveaux alifungua kifuniko cha tangi la zizini, akainamisha kichwa, akanusa. Hiyo ni sehemu ya kazi. Dereva wa maziwa asiyenusa anaweza kuharibu mzigo mzima kwa sababu ya zizi moja. Ila madereva wengine wakishanusa hufunga kifuniko na kuunganisha bomba. Corinne akishanusa alianza kuuliza. Mbona leo yana harufu ya vitunguu? Ng'ombe wametoka nje ya uzio wakala vitunguu mwitu, ama? Na aliyeanza kutoka ni yupi? Huwa ni huyohuyo kila mara? Wakulima wa kijiji cha Casco walikuwa wameshamzoea. Wakiliona lori linakata kona, waliweka ndoo chini kabisa, maana walijua kazi itasimama.

"Huyu angezaliwa ndama," baba yake, Leland, alipenda kusema, "angekufa njaa huku akimuuliza mama yake kwa nini maziwa ni meupe."

Corinne alikuwa amevuka miaka arobaini, mrefu, mwenye mabega ya mtu anayeburuta mabomba, na aliishi na baba yake kwenye nyumba ya shamba ambalo ng'ombe wake walishauzwa. Siku nzima alikuwa peke yake ndani ya lori, zizi hadi zizi, halafu kiwanda cha jibini, halafu tena zizi. Mtu anaweza kuzunguka wilaya nzima ya Kewaunee na maswali kibao kichwani na asipate wa kumuuliza. Kwa hiyo si ajabu kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote, ukimtoa baba yake, kilikuwa kiti chake katika ligi ya Wendell.

Ligi yenyewe ilikuwa ya fantasi. Kila mwaka Agosti ikielekea ukingoni, watu kumi walikutana kwenye banda la Wendell Baudhuin, fundi wa matrekta na mwenyekiti wa maisha, wakagawana kwa majina wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa kifuani huku watu wakigongana kama kondoo dume. Mchezaji akishakuwa wako, yadi anazokimbia Jumapili ni pointi zako, na akiuvuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, hizo ni pointi sita kwa mpigo. Kuanzia Septemba grupu lao la simu halikupoa. Walitaniana, walitukanana kistaarabu, walitumiana picha za ng'ombe waliovishwa jezi. Corinne akisimama kusubiri tangi lijae, alifungua simu na kucheka peke yake kama mwehu. Wale ndio waliokuwa watu wake.

Viti vilikuwa kumi tu, na kiti hakikutoka mikononi mwa mtu ila kwa mambo matatu: afe, ahamie Arizona, au ashike mkia misimu mitatu mfululizo. Corinne alikuwa ameshashika mkia mara mbili.

Mara ya kwanza alijitakia. Alitaka kujua itakuwaje mtu akimteua mpiga teke, yule anayeingia uwanjani mara chache na kuleta pointi haba, mapema, kabla ya kila mtu, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kulifanya. Akajua. Mara ya pili alimchukua kijana mmoja mbeba mpira, mwepesi kama swala, ambaye goti lake lilikatika kabla hata majani ya miti hayajaanza kuwa mekundu. Sasa ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tatu, na kwenye grupu Travis Virlee, jamaa wa kupandisha ng'ombe mbegu kwa mrija, alishaanza kumwita Dada Mkia.

Basi mwaka huo Corinne aliweka maswali yake yote mengine pembeni akabaki na moja. Wadakaji wazuri, wale wa kurushiwa mpira kutoka mbali, ni wengi kama nzi wa zizini. Ukimkosa huyu unampata yule. Lakini mbeba mpira ndiye anayegongwa kila anapoushika. Ikifika Novemba nusu yao wanatembelea magongo. Wa kutegemewa, yule utakayemkuta uwanjani Jumapili hii na ijayo na ile ya theluji, ni wachache sana, na wanaisha mapema. Kwa hiyo lazima umchukue mwanzoni. Sawa. Lakini unamjuaje?

Alimuuliza daktari wa mifugo, akaambiwa atazame kwato. Alimuuliza padri, ambaye naye alikuwa na ligi yake ya mapadri wenzake. Padri akamwambia afanye sala, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama kule kwao Rudd bado hajachukuliwa na mtu. Lamont Rudd alikuwa kijana mpya wa timu yao, timu ya Green Bay, na kiangazi hicho jina lake lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Alikuwa akikumbatiwa na watu watatu bado anasonga. Corinne alimuuliza baba yake pia. Leland, aliyekuwa na hisa moja ya timu hiyo, cheti chake kikiwa kimetundikwa juu ya televisheni mahali ambapo nyumba nyingine huweka msalaba, alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. Rudd, akasema. Kuna mwingine?

Mwishowe alimuuliza Gaylord Hruska.

Mzee Gaylord alikuwa na ng'ombe wachache kwenye barabara ya vumbi nje ya kijiji, na zamani sana, akiwa shule ya sekondari, alikuwa mbeba mpira ambaye watu walisafiri kwenda kumtazama. Sasa alishuka ngazi za zizi kwa kinyumenyume, ameshika ukuta. Corinne alimkuta akiosha chuchu za mashine ya kukamulia. Akanusa maziwa, akaunganisha bomba, akauliza swali lake. Mzee aliendelea kuosha.

"Tazama anavyoanguka," mzee akasema.

"Anavyokimbia?"

"Kukimbia wanajua wote, mwanangu, ndiyo maana wako pale. Tazama anavyoanguka. Mimi sikujua. Nilipigania kila hatua, watu wakinining'inia mgongoni, na jukwaa zima likasimama kunipigia makofi. Magoti yangu bado yanayasikia yale makofi kila nikishuka ngazi."

Akaeleza kidogo zaidi, huku mikono yake ikifanya kazi. Kuna wakati mbeba mpira anajua hatua iliyobaki haina faida. Mjinga anaitafuta. Mwenye akili anakunja mwili, anaufunika mpira, anashuka mwenyewe kabla hawajamshusha. Watu humzomea, humwita mwoga. Jumapili inayofuata yupo.

Corinne alisisimka kama mtu aliyefunguliwa mlango ambao hakujua upo ndani ya nyumba yake. Tangu siku hiyo, kila tangi lilipokuwa likijaa, alikuwa kwenye kiti cha lori akitazama kwenye simu video za watu wanaoanguka. Hakutazama mbio wala kuvuka mstari. Alitazama kuanguka tu. Aligundua kwamba kila mtu ana mwanguko wake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Wapo walioanguka kama magogo. Wapo waliopinda miguu hadi yeye mwenyewe akashika goti lake. Rudd hakuanguka kabisa. Aliangushwa, kila mara, na watu wengi, akiwa amesimama wima hadi sekunde ya mwisho na mguu mmoja umebaki nyuma. Ilipendeza kutazama. Ilitisha pia, ukishajua cha kutazama.

Na palikuwa na mmoja aliyeanguka vizuri kuliko wote. Alijikunja, akateleza, akagusa ardhi kwa bega kama paka anayelala, halafu akawa wa kwanza kusimama na kumpa mwamuzi mpira. Misimu mitano hakuwa amekosa hata mechi moja. Jina lake Marquel Dabney. Corinne aliposoma jezi yake alizima simu.

Dabney alikuwa wa Chicago.

Mtu asiyekulia pale, kwenye uhasama wa timu hizo mbili wa tangu enzi za mababu, hawezi kulipima jambo hili. Nyumbani kwa Leland, neno Chicago halikutajwa mezani. Binamu yao aliyeolewa huko aliulizwa kila Krismasi habari za "kule chini". Kwenye ligi ya Wendell hakuna aliyewahi kumteua mtu wa Chicago katika raundi za mwanzo. Haikuwa sheria, ilikuwa kama vile hakuna sheria inayokataza kula paka.

Na palikuwa na jambo la pili, baya zaidi. Foleni ya kusubiri kiti ilikuwa na watu, na wa kwanza kwenye foleni hiyo, kwa miaka mingi sasa, alikuwa Mzee Gaylord mwenyewe. Corinne akishika mkia, kiti ni cha Gaylord. Travis alipopata fununu kwamba mzee anamshauri, aliandika kwenye grupu kwamba kuku ameenda kumuuliza mbweha namna ya kufunga mlango wa banda. Watu walicheka wiki nzima.

Corinne hakuweza kukaa na swali. Siku ya kuchukua maziwa alimkabili mzee bila kuzunguka: yeye akianguka, Gaylord anapanda, kwa nini basi amwambie ukweli?

Gaylord alifuta mikono kwa kitambaa polepole. "Kile kiti nakitaka," akasema. "Nimekitaka tangu wewe hujapata leseni ya lori. Lakini nikikipata, nikipate kwa mkia wako mwenyewe, si kwa mdomo wangu."

Je, hilo ndilo jibu la mtu mkweli, au ndilo hasa jibu ambalo mbweha angelitoa? Corinne aliendesha lori hadi kiwandani akiligeuza, na kurudi akiligeuza.

Siku ya uteuzi ikafika. Banda la Wendell lilikuwa limefagiliwa, matrekta yametolewa nje, na kwenye sufuria kubwa kama pipa, mchuzi mzito wa buyaa ulikuwa umetokota tangu asubuhi, kuku na nyama ya ng'ombe na mboga vimelegea hadi havijulikani nani ni nani. Ukutani palibandikwa karatasi kubwa ya kupachikia majina. Mpangilio wa zamu haukuwa wa kura. Nje, kwenye uwanja mdogo wenye uzio, Wendell alikuwa amechora viboksi kumi kwa chokaa, kila kimoja na jina la mtu, akamwachia ndani ng'ombe wake Trudy aliyeshiba. Kinyesi cha Trudy kikidondoka kwenye boksi lako, wewe ni wa kwanza. Wengine hufuata kwa ukaribu wao na kinyesi hicho. Watu kumi wazima waliegemea uzio, bakuli mkononi, wakimtazama ng'ombe matako kwa umakini ambao hawakuwahi kuupata wakiwa kanisani. Trudy hakuwa na haraka. Alisimama kwenye boksi la Corinne, akainua mkia, watu wakavuta pumzi, akaushusha. Akasogea hatua moja. Boksi la Travis.

Corinne akawa wa pili.

Muda wa kuteua ulikuwa wimbo mmoja wa polka. Wendell aliweka sahani ya santuri, kodiani ikaanza kuruka, na kabla wimbo haujaisha lazima uwe umetaja jina. Ukishindwa, zamu inakupita. Travis hakuhitaji hata ubeti mmoja. Alimchukua mdakaji ambaye magazeti yote yalimsifu, akageuka na kumvutia Corinne kiti kwa adabu za kejeli.

"Karibu, Dada Mkia. Rudd tumeshamtolea jina lake, kazi yako ni kubandika tu."

Kweli, Wendell alikuwa ameshaibandua ile stika yenye jina la Rudd na kuishika kwa ncha ya kidole, tayari. Polka ikaanza. Kila mtu pale bandani alitaka Rudd awe wa mmoja wao, ili Jumapili furaha iwe moja. Corinne alilitazama jina hilo. Akamwona Rudd amesimama wima na watu watatu mgongoni, mguu umebaki nyuma. Akamwona Gaylord akishuka ngazi kinyumenyume. Hapo ndipo akajiuliza swali jipya, na lilikuwa rahisi kuliko yote: tukisema mzee ananidanganya, je, na zile video nazo zinanidanganya? Alizitazama yeye mwenyewe, kwa macho yake. Magoti ya mzee nayo hayakuwa na sababu ya kudanganya.

"Dabney," akasema.

Wendell aliinamisha sikio, kana kwamba kodiani ndiyo iliyosema.

"Marquel Dabney. Wa Chicago."

Polka iliendelea peke yake hadi mwisho, hakuna aliyeizima. Wendell alivua kofia. Travis alisema tu kwamba mtu akizama huwa anashika hata nyoka. Kisha wakaamua, kwa kauli moja na bila kupiga kura, kwamba Corinne amalizie buyaa yake nje pamoja na Trudy. Akaenda. Alikula akiwa amesimama, akimwuliza Trudy kwa nini alishusha mkia.

Leland alipata habari kabla binti yake hajafika nyumbani. Hakumgombeza. Aligeuza tu kiti chake cha sebuleni kidogo, ili asimwone anapotazama televisheni, na msimu mzima hakulitaja lile jina. Alisema "yule". Yule amekimbia leo. Yule bado mzima, kwa bahati mbaya. Chicago wakicheza, Dabney akauvuka mstari, Corinne aliinuka kwa utulivu, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji, akashangilia kwenye sinki.

Na Dabney alicheza. Septemba yupo, Oktoba yupo. Rudd aliwasha moto majuma machache, wilaya nzima ikaimba, halafu Jumapili moja mguu ule uliobaki nyuma ukabaki nyuma kweli, wakamtoa kwa kigari. Hakuna aliyecheka, hata Corinne. Dabney Novemba yupo. Pointi zake zilikuwa za kawaida, kama maziwa: hazikumshangaza mtu, lakini kila asubuhi zilikuwepo. Tatizo lilikuwa wengine. Mrushaji pasi wa Corinne alivunjika kidole, wadakaji wake wawili walipatwa na homa wiki moja, na kule bandani, katika raundi ya saba, hakuwa ameweza kujizuia, akamchukua mtu ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba aliwahi kuwa mcheza mieleka, kwa sababu alitaka kuona. Mtu mmoja wa kutegemewa habebi timu nzima. Hilo nalo Corinne akalijua.

Ikawa mwisho wa Desemba, na mkia ulikuwa kati ya wawili: yeye na Travis, ambaye mdakaji wake wa magazetini alikuwa amegombana na kocha na kukalishwa benchi. Kwa Travis ingekuwa mara ya kwanza, kicheko tu. Kwa Corinne kilikuwa kiti. Jumapili hiyo wachezaji wa wote wawili walikuwa wameshacheza, isipokuwa mmoja. Dabney. Na Chicago walikuwa wamekuja kucheza Green Bay.

Theluji ilikuwa inaanguka uwanjani na nje ya dirisha la Leland vilevile. Mezani palikuwa na jibini changa inayolia menoni na brandi ambayo hakuna aliyeigusa. Corinne alikuwa nyuma ya Travis. Gaylord naye alikuja. Leland alimwalika, kwa sababu televisheni ya Gaylord ilikuwa imekufa, na mzee akakaa kwenye kochi amenyoosha magoti mbele kama mbao mbili. Hakuna aliyetaja kiti.

Dakika zikayoyoma, na hata baada ya yadi zote za Dabney, Corinne alikuwa bado nyuma kwa karibu pointi tano. Chicago wakiongoza kwa pointi mbili, mpira ukiwa mikononi mwao. Green Bay walikuwa wamemaliza nafasi zao zote za kusimamisha saa. Kama Chicago wangeendelea kuushika mpira hadi muda uishe, basi, mechi imekwisha. Dabney alipewa mpira, akapita katikati ya msitu wa watu, na mbele yake pakafunguka peupe. Weupe mtupu, theluji na mstari.

Hapo Corinne aliona jambo la ajabu. Mabeki wa Green Bay hawakumkimbilia. Walimpisha.

"Wanamwachia," Leland akasema, na alikuwa ameshasimama. "Wanamwachia avuke ili tupewe mpira sisi. Bado sekunde zipo. Avuke tu."

Ikawa hivi: katika sebule ile, chini ya cheti kile, Leland Delveaux, ambaye hakuwahi kulitamka jina hilo, alinyoosha mikono miwili kuelekea televisheni na kuita kwa sauti ya mtu anayemwita ng'ombe aliyepotea, "Vuka, Dabney, vuka mwanangu," na binti yake kando yake anaita hivyohivyo, kila mmoja kwa sababu yake, wameshikana mikono bila kujua.

Dabney alifika yadi moja kabla ya mstari. Akapunguza mwendo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayevuka barabara asiyoona gari. Kisha akajikunja, akaufunika mpira, akateleza taratibu juu ya theluji kwa bega, kama paka anayelala.

Wa kwanza kutoa sauti alikuwa Gaylord. Hakuwa ameshangilia wala kusikitika. Alitoa pumzi ndefu, kama fundi anayeona kazi safi ya fundi mwingine. Mrushaji wa Chicago akapiga goti na mpira mkononi ili kupoteza muda, akapiga tena, na saa ikaisha. Zile yadi za mwisho alizokimbia Dabney zilimwongezea Corinne pointi mbili. Zile sita za kuvuka mstari hazikuja. Simu yake ikaanza kutetemeka mezani, na hakuhitaji kuisoma.

Leland alirudi kwenye kiti chake. Baada ya muda alisema kwamba yule ni mshenzi, lakini mshenzi mwenye akili. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, akamwambia Corinne kwamba kiti cha banda la Wendell si kiti pekee duniani. Corinne aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyafuta. Lakini alikuwa ameegemea mbele kuelekea televisheni, kwa sababu waandishi walikuwa wamemzunguka Dabney na alitaka kusikia: je, aliambiwa aanguke, au aliamua mwenyewe?

Dabney alikuwa akipumua moshi wa baridi. Alisema hakuambiwa na mtu. Alisema alipoona wale mabeki wanampisha, alijiuliza kwa nini mtu anayekuchukia akufungulie njia.

Corinne alicheka huku machozi yakimtoka, na baba yake akageuza kiti ili amwone vizuri, akashindwa kuelewa afariji lipi kati ya hayo mawili.

Kesho yake alikuwa na zamu ya kuchukua maziwa barabara ya vumbi. Gaylord alikuwa ameshapigiwa simu na Wendell. Alisimama karibu na tangi, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kwenye maziko ya mtu aliyemdai.

"Sikujua atafanya vile," akasema.

"Najua, Mzee. Uliniambia nani atakuwepo kila Jumapili. Akawepo." Corinne alifungua kifuniko, akanusa. "Nani atavuka mstari sikukuuliza."

Aliunganisha bomba. Mashine ikaanza kunguruma, na wakasimama bega kwa bega wakitazama maziwa yakipanda kwenye mrija wa kioo. Kwenye foleni ya Wendell sasa palikuwa na jina moja jipya juu kabisa, maana aliyepoteza kiti huwekwa mbele, na wote wawili walilijua. Gaylord akisuasua misimu mitatu, kiti kitarudi. Mzee alikohoa. Alizungusha kofia. Ilikuwa wazi kwamba ana swali na kwamba linamchoma.

"Hivi wewe," hatimaye akasema, "ungekuwa mimi, Agosti ungeanza na nani?"

Corinne alifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alizima mashine, akakunja bomba, akalitundika mahali pake, akamtazama usoni bila kupepesa.

"Mpiga teke," akasema.

Akapanda lori. Alipokuwa akikata kona ya barabara ya vumbi alitazama kwenye kioo cha pembeni. Mzee alikuwa bado amesimama mlangoni pa zizi, kofia mkononi, akikuna kichwa.